Ampu ya besi: fuata sauti kutoka kwenye uzi hadi kwenye koni

Uzi mnene kabisa wa gita la besi la nyuzi nne, ukipigwa mtupu, unatetema mara 41 kwa sekunde. Wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Besi ya nyuzi tano inashuka zaidi, hadi hezi 31 hivi, yaani mitetemo 31 kwa sekunde. Shika namba hizo kabla hujagusa nobu yoyote, kwa sababu karibu kila tabu ya mpiga besi inaanzia hapo: sauti inayopotea bendi ikiingia, spika inayokwaruza, ampu inayojizima katikati ya wimbo. Kusukuma hewa polepole kiasi hicho, tena isikike juu ya ngoma, ni kazi nzito.

Nimepanga mwongozo huu kwa kufuata njia inayopitwa na sauti yenyewe: uzi, pikapu (sumaku za gita zinazogeuza mtetemo kuwa umeme), kebo, preampu (sehemu ya ampu inayopokea na kurekebisha sauti), pawa ampu (sehemu inayoipa nguvu ya kusukuma spika), waya wa spika, boksi, kisha hewa ya chumba. Anayeijua njia hiyo kwa mpangilio hutatua matatizo mengi bila kufungua skrubu hata moja. Na akilazimika kufungua, anajua anatafuta nini.

Ijue ampu yako ni ya aina gani

Kampuni ya Fender walipotoa gita la besi la Precision Bass mwaka 1951, mpiga besi alihitaji ampu ya kubeba sauti ile, na mwaka uliofuata wakatoa Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Baadaye ikapewa spika nne za inchi 10, na wapiga gita la kawaida ndio walioipenda zaidi, kwa sababu ilipasua sauti kwa utamu wakati besi ilikuwa ikitafuta usafi na nguvu. Ampeg walikuja na B-15 mwaka 1960, wakaifuatisha na SVT mwaka 1969: wati 300 za valvu (mirija ya kioo ya kukuza umeme), zikisukuma maboksi yenye spika nane za inchi 10 kila moja. Tazama mwelekeo wa historia hiyo. Kila hatua ilikuwa ni kuongeza eneo la koni, ile karatasi ya spika inayosukuma hewa, na kuongeza nguvu ya umeme, basi.

Leo utakutana na aina tatu. Ampu ya valvu ni nzito, ina transfoma kubwa ya kutolea sauti, na ikizidiwa hupasua sauti taratibu. Ampu ya transista ya zamani ina transfoma kubwa ya umeme na mapezi ya alumini ya kupooza joto. Imara, na fundi yeyote mzuri anaiweza. Ampu ya daraja D ni ile ndogo ya kilo 2 au 3 inayotoa wati 500 au zaidi. Ndani yake transista zinawaka na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kuachwa nusu wazi zikichoma joto. Uzito wake mdogo unatokana pia na usambazaji wa umeme wa kuwasha na kuzima haraka, ambao hauhitaji transfoma kubwa.

Tofauti hizi si za kuhadithiana tu. Sheria za kuunganisha spika zinabadilika kulingana nazo, na hatari zilizomo ndani pia.

Omu: hapa usibahatishe

Geuza ampu uangalie nyuma. Karibu na matundu ya spika kuna maandishi ya omu za chini kabisa, mara nyingi 4, wakati mwingine 2 au 8. Omu ni ukinzani ambao boksi linauwekea mkondo wa umeme. Zikipungua, mkondo unaongezeka, na ampu ya transista inatoka jasho zaidi.

Maboksi mengi yana matundu mawili nyuma ili uunganishe boksi la pili. Matundu hayo karibu siku zote yako sambamba, kwa hiyo omu zinapungua:

- maboksi mawili ya omu 8 yanakuwa omu 4;
- boksi la omu 8 pamoja na la omu 4 yanakuwa omu 2.7 hivi;
- maboksi mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2;
- matatu ya omu 8 nayo yanakuwa omu 2.7.

Kanuni ni kuzidisha omu za maboksi mawili, kisha kugawanya kwa jumla yake. Nane mara nne ni 32, ukigawanya kwa 12 unapata 2.67. Kama ampu yako imeandikwa omu 4, mchanganyiko huo haufai, hata kama leo umecheza nao saa nzima na hakuna kilichoungua. Ampu inaweza kuvumilia muziki wa taratibu ukumbini penye baridi, kisha ikafa usiku wa joto kwenye wimbo wa kasi.

Tahadhari moja ambayo watu huipuuza: unapochanganya boksi la omu 4 na la omu 8, la omu 4 linapokea theluthi mbili za nguvu zote. Likiwa ndilo dhaifu, litaanza kulia kabla ya mwenzake.

Ampu ya transista haina shida ikiwa na omu nyingi zaidi ya kiwango chake. Itatoa wati chache tu. Ampu ya valvu ni habari nyingine. Transfoma yake ya kutolea sauti inataka omu zilingane na tundu au swichi uliyochagua. Jambo la kuogopa zaidi ni kuiwasha na kuipiga bila spika kabisa. Nguvu ambayo haina pa kwenda inarudi ndani ya transfoma kama volti kubwa mno, na inaweza kutoboa kinga ya waya zake au kuruka cheche kwenye soketi za valvu. Transfoma hiyo ni kati ya vipuri ghali kabisa vya ampu nzima. Unganisha spika kwanza, umeme baadaye, siku zote.

Kisha waya wenyewe. Kebo ya gita na waya wa spika zinaweza kuwa na ncha zinazofanana, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. Kebo ya gita ina uzi mwembamba uliozungukwa na ngao ya kuzuia mvumo. Ukipitisha humo mkondo wa ampu ya wati 300 inapata moto na kula nguvu. Waya wa spika una nyaya mbili nene zisizo na ngao, milimita mraba 1.5 kwa umbali mfupi, 2.5 ukitaka utulivu. Ncha za Speakon, ambazo Neutrik walizibuni kwa ajili ya spika, ni bora kuliko jeki ya kawaida: zinajifunga, na pini zake hazigusani unapochomeka wakati ampu iko hai.

Wati hazisemi unachodhani

Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Hilo ni ongezeko linalosikika, lakini si kubwa. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo anayeuza ampu yake ya wati 300 ili anunue ya wati 500, akiwa na boksi lilelile, atapata tofauti ya desibeli 2 na ushee. Atavunjika moyo.

Angalia badala yake usikivu wa boksi, ile namba ya desibeli kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Boksi la desibeli 100 likipewa wati 100 linalingana na boksi la desibeli 97 lililopewa wati 200. Na ukiongeza boksi la pili lililo sawa na la kwanza unapata hadi desibeli 6 katika sauti za chini: 3 kwa sababu ya eneo la koni kuwa maradufu, na 3 nyingine ampu ikiweza kutoa nguvu maradufu kwenye omu zilizopungua. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu asiyesikika ni boksi kabla ya ampu. Wachache hunisikiliza mara ya kwanza, wengi hurudi.

Kuna hesabu ya pili inayoumiza zaidi. Ili koni itoe sauti ileile oktava moja chini, ni lazima isafiri mbele na nyuma mara nne zaidi. Na ukiongeza besi kwenye nobu kwa desibeli 6, unaidai ampu nguvu mara nne katika eneo hilo. Ukigeuza nobu ya besi hadi mwisho, desibeli 12 au zaidi, unadai mara kumi na sita. Hapo ndipo ampu ya wati 400 inapolia kama ya wati 25.

Boksi

Boksi lililozibwa kabisa hushuka taratibu kadiri sauti inavyokwenda chini, na hewa iliyofungiwa ndani inaishika koni isiruke mno. Boksi lenye tundu la hewa linapata msaada wa tundu hilo karibu na masafa lililopangiwa, kwa hiyo linashuka chini zaidi kwa nguvu hiyohiyo. Lakini chini ya masafa hayo koni inabaki haina cha kuishikilia. Ukipiga uzi wa tano kwa nguvu kwenye boksi la tundu lililopangiwa hezi 50, utaiona koni ikipepea bila kutoa sauti ya maana. Kichujio cha kukata sauti za chini kabisa, kwenye hezi 30 hadi 40, kinaokoa spika na ampu kwa pamoja. Kama ampu yako haina, kifaa kidogo cha pembeni chenye kazi hiyo kinastahili gharama yake.

Kipenyo cha spika hakikupi jibu peke yake. Watu husema inchi 15 ni za sauti nzito na inchi 10 ni za sauti ya haraka. Si kweli kwa namna hiyo. Spika nne za inchi 10 zina eneo la koni kubwa kuliko spika moja ya inchi 15, na boksi la nane za inchi 10 limebeba besi nzito za jukwaani kwa zaidi ya miaka hamsini. Kinachoamua ni koni inaweza kusafiri umbali gani bila kutoka nje ya sumaku, na boksi lina ukubwa gani.

Ukiwa na maboksi mawili ya spika mbilimbili, yapange moja juu ya jingine, spika zote zisimame mstari mmoja kama ngazi. Yakilala upande kwa upande, sauti za kati zinakinzana kwa walio pembeni, na mpiga ngoma anasikia kitu tofauti na anachosikia mwimbaji. Yakisimama, zinatawanyika vizuri kulia na kushoto, na spika ya juu inakaribia masikio yako mwenyewe.

Kutafuta sauti

Anza hivi, na usiruke hatua.

Kwanza, weka nobu zote za ekwalaiza katikati na zima twita (spika ndogo ya sauti za juu), kompresa (kisawazishi cha sauti kubwa na ndogo) na kila kitu cha ziada. Fungua sauti ya gita lenyewe hadi mwisho.

Pili, panga nguvu ya kuingilia. Piga kwa nguvu yote utakayoitumia jukwaani, siyo ile ya kujaribia, huku ukipandisha nobu ya kuingilia mpaka taa nyekundu imulike, kisha rudi nyuma kidogo. Gita lenye saketi ya betri linatoa zaidi. Kama kuna kitufe cha kulipunguza, kitumie.

Tatu, pandisha sauti kuu hadi kiwango cha bendi, na bendi ipige. Usiamue lolote ukiwa peke yako. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio halisikii sauti za chini vizuri zinapokuwa ndogo, na ukipandisha sauti zinaongezeka haraka kuliko nyingine. Kwa hiyo sauti nene na tamu uliyoitengeneza chumbani usiku itageuka tope ukumbini.

Nne, sikiliza eneo moja kwa wakati:

- hezi 40 hadi 80 ni uzito unaougusa mwili; ongeza kwa uchoyo;
- hezi 80 hadi 160 ni unene wenyewe wa besi;
- hezi 200 hadi 350 ni mahali tope linapokaa; ukumbi ukivuma, punguza hapa kabla ya kugusa kingine;
- hezi 500 hadi 900 ni mngurumo na utambulisho wa nota;
- hezi 1,500 hadi 3,000 ni kidole na fimbo za shingo (vile vyuma vinavyogawa nota);
- juu ya 5,000 ni mikwaruzo ya nyuzi, na humo twita inaweza kuvumisha zaidi ya inavyosaidia.

Nataka nibaki kidogo kwenye sauti za kati, kwa sababu hapa ndipo wapiga besi wengi wanapojizika. Ukiwa peke yako, kupunguza kati na kuongeza chini na juu kunapendeza mno. Bendi ikiingia, teke la ngoma linachukua chini, matoazi yanachukua juu, na wewe uliyeiondoa kati hubaki na chochote. Unaongeza sauti kuu, ampu inapasua, bado husikiki. Pandisha hezi 600 au 700 kwa desibeli 3 na ushushe besi kidogo, halafu sikiliza tena. Sikio lina uwezo wa kuijenga nota ya chini kutokana na mitetemo ya juu yake: ukipiga E ya chini, sehemu kubwa ya unachosikia iko kwenye hezi 82, 123 na kuendelea. Maboksi mengi hayatoi hezi 41 kwa nguvu, na hakuna anayelalamika.

Tano, hamisha boksi. Boksi likisimama mita 1 mbele ya ukuta, wimbi linalorudi kutoka ukutani linakinzana na lile la mbele karibu na hezi 86, jirani na E na F zinazopigwa kwenye uzi wa D, fimbo ya pili na ya tatu. Utasikia nota hizo zikikosa nguvu na kudhani ni gita. Sogeza boksi karibu kabisa na ukuta, chini ya sentimita 30, na shimo hilo linapanda hadi mahali lisipoumiza. Pembe ya chumba inaongeza besi zaidi, mara nyingi kupita kiasi. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini linavuma lenyewe. Inua boksi juu ya kiti au weka povu zito chini yake.

Na nyuzi. Hakuna nobu inayorudisha uhai wa nyuzi zilizokufa.

Ikiharibika: tafuta bila kufungua

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na kila mara tumia kitu unachojua kinafanya kazi.

Anza na betri ya gita, kama linayo. Sauti iliyokonda, inayopasuka unapopiga kwa nguvu na kufifia nota ikiwa ndefu, ni betri ya volti 9 inayokufa. Niliwahi kufungua ampu ya mtu, nikapima usambazaji wote wa umeme kwa saa mbili, na tatizo lilikuwa betri aliyoisahau ndani ya gita kwa mwaka mzima. Kumbuka kwamba betri hiyo inatumika kila wakati kebo ikiwa imechomekwa.

Kisha kebo. Itikise karibu na ncha zote mbili. Ikikatika na kurudi, umemaliza kazi.

Sasa igawe ampu vipande viwili. Nyingi zina matundu ya kutoa na kurudisha athari, yaani ya kuunganisha vifaa vya kubadili sauti, na hapo ndipo preampu inapokutana na pawa ampu. Chukua kebo fupi uunganishe tundu la kutoa na la kurudisha. Sauti iliyokuwa dhaifu au inayokatika ikirudi, swichi ndogo ndani ya tundu la kurudisha imeshika kutu. Nyunyiza dawa ya kusafishia viunganishi kwenye ncha ya jeki, ichomeke na kuichomoa mara 20, na mara nyingi ampu inapona hapohapo. Huu ndio ugonjwa ninaokutana nao kuliko mwingine wowote, na watu wengi huwalipa mafundi kwa ajili yake.

Kama sauti haikurudi, ingiza gita au simu moja kwa moja kwenye tundu la kurudisha. Ikisikika, pawa ampu na spika ni nzima, na tatizo liko kwenye preampu. Ikiwa kimya huku tundu la kupelekea sauti kwenye meza ya kuchanganyia sauti (mikisa) linatoa sauti vizuri, preampu ni nzima. Angalia upande wa pili. Jaribu boksi jingine kabla ya kuilaumu ampu.

Nobu zinazokwaruza zinahitaji dawa hiyohiyo ndani ya mwili wa nobu, kisha kuzizungusha kutoka mwanzo hadi mwisho mara 20. Mafuta ya kulainishia bawaba si mbadala. Yanavuta vumbi na kurudisha tatizo likiwa baya zaidi.

Mvumo una sauti yake ya kuutambua, na gita lako ndilo kipimo. Umeme wa ukutani wa hezi 50 unavuma karibu sana na G ya fimbo ya tatu kwenye uzi wa E. Ukisikia mvumo wa nota hiyo, shuku ngao ya kebo, pikapu ya koili moja, au mzunguko wa eathi kati ya vifaa viwili. Mvumo ukifanana na uzi wa G mtupu, huo ni hezi 100, na mara nyingi ni kapasita za kuchuja umeme ndani ya ampu zimezeeka. Penye umeme wa hezi 60 nota hizo zinapanda hadi kati ya A kali na B. Mzunguko wa eathi unakatwa kwa kitufe cha kutenganisha eathi kwenye kifaa cha kupelekea sauti kwenye mikisa. Usikate pini ya eathi ya plagi ya umeme kamwe. Waya ule ndio unaokutenganisha na kifo siku transfoma ikivuja, huku umeshika nyuzi za chuma na midomo iko kwenye maikrofoni.

Ampu inayojizima baada ya nusu saa na kuwaka tena ikipoa inalalamika joto: feni imesimama, vumbi limeziba, au omu ni chache mno. Fyuzi ikiungua, ibadilishe mara moja kwa namba na herufi ileile. T ni ya polepole, F ni ya haraka. Ikiungua tena, acha. Fyuzi kubwa zaidi haiponyi chochote, inahamishia moto kwenye kipuri cha thamani.

Spika na boksi

Chomeka waya wa spika kwenye boksi, na upime ncha ya pili kwa mita, ampu ikiwa haijaunganishwa. Boksi la omu 8 linasoma 5.5 hadi 7, la omu 4 linasoma 3 hadi 3.5, kwa sababu mita inapima ukinzani wa mkondo mnyoofu (DC) peke yake. Boksi la spika nne la omu 8 likisoma 11 hadi 13 linakuambia kitu mahususi: mara nyingi spika hizo zimeunganishwa jozi mbili, moja imekatika, na mwenzake kwenye jozi amenyamaza pamoja nayo. Mita isiposonga kabisa, angalia tundu na waya za ndani kabla ya kuhukumu spika.

Toa spika, ilaze chali, na sukuma koni chini kwa vidole vilivyotawanywa sawasawa kuzunguka katikati. Inapaswa kushuka na kurudi kimya. Ukihisi mparuzo, koili inagusa sumaku. Imepinda kwa joto au imehama, na dawa ni kuwekewa koni na koili mpya au kubadilisha spika. Harufu ya kuungua inasema hivyohivyo. Mpasuko mdogo kwenye karatasi ya koni unatibika: bandika karatasi nyembamba pande zote mbili kwa gundi nyeupe ya mbao, safu nyepesi, na uache ikauke usiku mzima.

Besi ikiwa imekonda ghafla baada ya mtu kurekebisha waya za ndani, kagua mwelekeo. Gusisha betri ya volti 9 kwenye boksi kwa nukta moja, chanya kwa chanya. Koni zote zinapaswa kuruka upande mmoja. Ikiwa moja inaingia wakati nyingine zinatoka, zinafutana. Geuza waya zake mbili. Usifanye hivyo kwa twita.

Twita ikinyamaza, tafuta taa ndogo au fyuzi kwenye kigawa sauti nyuma yake; imewekwa pale ili ife kwanza.

Kelele ya kutetema kwa nota fulani tu mara chache hutoka kwenye spika. Panda shingoni fimbo kwa fimbo huku mwenzako akibonyeza kona za boksi, wavu, mishikio na skrubu. Ukimpata mkosaji, kaza. Skrubu za spika zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kama za gurudumu la gari.

Ukifungua ampu

Kuchomoa plagi hakumaanishi umeme umeondoka. Ampu kubwa za valvu zina zaidi ya volti 600 ndani ya kapasita zake, na upande wa umeme wa ampu ndogo ya daraja D una mamia ya volti pia. Kapasita zinaweza kushikilia umeme huo kwa dakika nyingi. Ziondolee umeme kwa rezista ya kiloomu 10, wati 10, yenye waya zilizofunikwa, ukitumia mkono mmoja, kisha pima kwa mita mpaka isome chini ya volti chache. Kama hujawahi kufanya hivi mbele ya anayejua, hapa ndipo pa kumpa fundi. Nakusihi kwa dhati.

Kwa mwenye ujuzi, kazi nyingi ni za macho. Angalia lehemu zilizopasuka kama pete nyembamba kuzunguka miguu ya jeki, nobu na vipuri vizito, maana boksi linatikisika kila siku na hapo ndipo panapochoka. Zipashe upya kwa risasi kidogo. Angalia kapasita zilizovimba vichwa au kuvuja. Kwenye ampu ya valvu, iwashe na ugonge kila valvu ndogo taratibu kwa penseli ya mbao. Ile inayolia kama kengele kwenye spika imechoka. Valvu kubwa zikibadilishwa, mkondo wake wa utulivu upangwe upya isipokuwa ampu inajipanga yenyewe.

Ampu ya transista iliyounguza fyuzi iwashwe kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyounganishwa kwa mfuatano na umeme. Balbu ikimulika na kufifia, vizuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna njia fupi (shoti) ndani, mara nyingi transista za kutolea. Ampu zenye umeme wa kuwasha na kuzima haraka hazielewani vizuri na balbu hiyo, kwa hiyo usizihukumu kwayo. Na kwenye ampu nyingi za daraja D hakuna ncha ya spika iliyo eathi. Ukiunganisha ncha hasi na chesisi au kifaa kingine unaweza kuiua papo hapo.

Kabla ya kurudisha spika, pima volti za mkondo mnyoofu kwenye tundu la spika, gita likiwa halijachomekwa. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Volti nzima ni onyo. Ukipata volti 20 au 30, transista imekufa ikiwa inapitisha umeme muda wote, na spika utakayoiunganisha itaungua mbele ya macho yako.

Ikipita kipimo hicho, tumia boksi usilolipenda sana, sauti ndogo, kwa dakika 10, ukigusa mapezi ya joto mara kwa mara. Halafu ipige saa nzima kwa sauti ya mazoezi, ukirudia E ya chini. Pima tena milivolti zile ikiwa moto. Zisipobadilika sana, funga kifuniko na uirudishe kazini.